"Mama, wakija watoto wengine tutaondoka?"

Shikamoo Shangazi,

Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka minane, wa kiume ametimiza minne mwezi wa tatu. Nitawaita Zuhura na Twaha, si majina yao. Tunakaa Tabata kwenye nyumba ya kupanga, uani ni pa kufulia na kuanikia tu, hapana pa mtoto kukimbia. Kwa hiyo Jumamosi au Jumapili, ikifika saa kumi jua limepoa, nawapeleka kwenye bustani moja ya mapumziko si mbali na kwetu, wameweka michezo ya watoto. Kiingilio shilingi 2,000 kila mtoto. Kuna bembea mbili, cha kuserereka kimoja, ule ubao wa wawili wa kupanda na kushuka, na shimo la mchanga. Wikiendi watoto wanafika hata arobaini. Sisi wazazi tunakaa pembeni kwenye viti vya plastiki, soda mkononi, kila mtu na simu yake.

Shida yangu ni Twaha. Hataki kushirikiana na wenzake.

Mwezi uliopita alisubiri bembea kwa muda mrefu sana. Nilimwona amesimama kwenye nguzo anakwangua rangi kwa kucha. Zamu yake ikafika. Hajaenda na kurudi hata mara sita, akaja mtoto mdogo, miaka miwili hivi, analia anaitaka hiyo hiyo. Mama yake akaniangalia mimi, kisha akamwambia Twaha, "Baba, si umpishe mdogo wako jamani?" Watu wakageuka. Nikainuka, nikambandua Twaha kwenye bembea, nikamwambia mpe mwenzio, mtoto mzuri hana choyo. Hakulia. Alikwenda kukaa chini ya mti mpaka tulipoondoka.

Wiki iliyofuata alipanda, akagoma kushuka. Watoto walimhesabia mpaka ishirini, wakarudia wakafika hamsini, yeye ameshika minyororo macho makavu. Nilipokwenda kumtoa akaning'ata mkono. Nyuma yangu nikasikia mama mwingine anasema, "Choyo hiki mtoto anakitoa nyumbani." Shangazi, nilimpiga kofi mbele za watu. Mpaka leo nikikumbuka mkono unanichoma.

Halafu kuna habari ya kindoo. Nilimnunulia kindoo chekundu na kijiko chake cha kuchotea mchanga, akawa hana raha mpaka tufike. Dakika kumi tu kindoo kiko kwa mtoto mwingine na kijiko kimekatika mpini. Alipokuja kunililia nilimwambia asiwe mchoyo, vitu ni vya kuchezea wote. Sasa hicho kindoo analala nacho.

Jumapili iliyopita tulifika mapema, hapakuwa na mtu. Alifurahi kama siku ya Idi. Kisha akasimama, akaniuliza, "Mama, wakija watoto wengine tutaondoka?"

Mume wangu anasema nimwache apambane, dunia haina huruma. Mama mkwe anasema nimemdekeza kwa kuwa wa kiume, ati Zuhura kwa umri huo alikuwa anatoa hata kilichomo mdomoni. Hilo ni kweli, Zuhura hajanisumbua kamwe. Yeye hata bembea hapandi, kazi yake kuwasukuma watoto wa watu, na kila mama anamsifu.

Nimlazimishe mpaka azoee, au niache kumpeleka?

Mama Zuhura, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Nimeanza kwa kuhesabu. Umeandika kwamba hajaenda na kurudi hata mara sita. Mtoto wa miaka minne amesimama nguzoni mpaka rangi imemwingia kwenye kucha. Hakumsukuma mtu, hakulia, hakudandia foleni. Mimi na wewe tukikaa namna ile benki, tungekuwa tumeshamnung'unikia hata mlinzi. Kisha akaja ambaye hakusubiri, akalia, akapewa. Na aliyemtoa Twaha pale juu hakuwa yule mama wala mtoto wake. Ni wewe, mtu wake, ambaye ndiye angemtazamia amwambie yule mama kwamba mwanangu hajamaliza.

Twaha si mjinga. Ameelewa kwamba foleni haina maana, anayelia ndiye anayepata, na ukishakipata kitu usikiachie kwa sababu hakuna wa kukulindia. Wiki ya pili alikuja kukuonyesha kwamba ameelewa. Ile minyororo aliyoishika macho makavu ndiyo mtihani wake, na amefaulu.

Sikwambii haya kukuumiza, maana naona umeshajiumiza vya kutosha. Na hilo la kofi, mwite wakati mmetulia, mwambie, "Siku ile nilikosea kukupiga, nilikuwa na hasira." Basi. Usimnunulie kitu cha kumtuliza, na usimwombe msamaha kila siku mpaka akakuonea huruma yeye. Sentensi moja inamtosha mtoto akiisikia kwa sauti ya kweli.

Sasa nikuulize jambo la lugha. Unaposema "mpe mwenzio", unataka afanye nini hasa?

Kiswahili chetu kina maneno manne hapo, nasi tumeyatia yote kwenye kapu moja la choyo. Kuna kugawana: andazi unalikata vipande viwili, karanga unamwaga nusu kwenye kiganja cha mwenzio, kila mtu anakula chake. Kuna kupokezana, yaani zamu, mimi kwanza kisha wewe, kwa kitu kisichokatika. Kuna kuazima: changu, nakupa uchezee, kisha kinarudi kwangu. Na kuna kupisha, hiyo ni hisani, mwenye zamu yake anaiacha kwa sababu ameona mwenzake ana haja kuliko yeye. Kupisha hakulazimishwi. Ukimlazimisha mtu kupisha umemnyang'anya, hata ukisema kwa sauti ya upole na kumwita "baba".

Tazama sasa. Bembea ilikuwa ya kupokezana, wewe ukamtaka apishe, na uliposema "mpe" yeye alisikia kunyang'anywa. Kindoo kilikuwa cha kuazima, wewe ukakifanya ni cha kugawana. Sasa mtu anagawanaje kindoo? Alikuja kwako analia kijiko kimekatika, ukamwambia vitu ni vya wote. Vya wote vipi, mwanangu? Wewe ukienda kwenye shughuli na kitenge chako kipya, jirani akakivuta mabegani mwako akajifunga, kikachanika, halafu mama yako akakwambia usiwe mchoyo, ungelala na nini usiku huo?

Kwa hiyo anza kumpa maneno. Nyumbani, wakati wa chai. Kata chapati, sema, "Hii tunagawana." Redio anaichagulia stesheni Zuhura leo na Twaha kesho, sema, "Hii tunapokezana." Khanga ya jirani ikirudi imefuliwa na kukunjwa, mwonyeshe, "Hii niliazima, nairudisha." Watoto wa miaka minne wanapenda sana kanuni, hasa wakiweza kuwashtaki nazo wakubwa. Subiri siku utakapokaa na rimoti saa nzima, utaambiwa.

Ujue pia anachokiweza na asichokiweza kwa umri wake. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha alichokiona kwa kukaa na kuwatazama watoto wadogo wa shule ya awali wakicheza. Wadogo zaidi aliwakuta wanacheza sambamba, huyu na mchanga wake, yule na wake, kila mmoja na shughuli yake. Kucheza kwa kupangiana kazi, wewe kuwa dereva mimi kondakta, alikukuta zaidi kwa wakubwa wao. Kwa hiyo yule mdogo wa miaka miwili aliyekuwa analia hakuwa na ubaya wowote. Kaona kitu kinapaa, kakitaka, ndivyo walivyo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kilio chake si hukumu ya kadhi. Ni kilio, na mama yake angeweza kumbeba akamwonyesha paka.

Na katika utafiti mwingine uliotoka mwaka 2008 kwenye jarida la Nature, watoto wa Uswisi wa miaka mitatu hadi minane walipewa pipi wachague: moja yako na moja ya mtoto mwingine ambaye humwoni, au zote mbili zako. Wa miaka mitatu na minne waliochagua kutoa walikuwa pungufu ya mmoja kati ya kumi. Walipofika saba na minane, karibu nusu yao walitoa. Hawakuwa watoto wa Tabata, najua, na kwetu mtoto anafundishwa "karibu" kabla hajajua kuvaa kandambili. Ila hao wanaokwambia choyo cha Twaha kinatoka nyumbani, wakumbushe kwamba ana miaka minne.

Kuna utafiti wa tatu ninaoupenda zaidi, maana ule unakupa la kufanya. Ulifanyika Ujerumani, ukatoka mwaka 2011. Watoto wawili wa miaka mitatu waliwekewa ubao wenye gololi na kamba. Ubao haukusogea mpaka wote wawili wavute pamoja. Ukisogea, mmoja anajikuta kapata gololi tatu na mwenzake moja. Basi mara nyingi yule mwenye tatu alimpa mwenzake moja, wakawa na mbili mbili, bila mtu mzima kusema kitu. Lakini walipozikuta gololi zimeshawekwa tu pale, au kila mmoja akavuta kamba yake peke yake, aliyepata tatu alielekea zaidi kubaki nazo. Sokwe waliopewa mtihani wa namna hiyo, kwao ilikuwa sawa tu wamevuta pamoja au hawakuvuta.

Umeona? Mtoto anamwona mwenzake kuwa ana haki pale walipotoka jasho pamoja. Bembea haitoi jasho la pamoja, ni kiti cha mtu mmoja na foleni nyuma yake. Ndiyo maana ugomvi wote uko kwenye bembea. Na hiyo bustani yako ina ubao wa kupanda na kushuka, ambao ukiukalia peke yako unabaki chini kama gunia. Ubao haumhitaji mama wa kuhubiri. Kampandishe Twaha upande mmoja, mtafutieni mwenzake wa uzito wake upande wa pili, kisha wewe kaa kimya. Mchangani vile vile. Mtoto akijia kindoo, badala ya "mpe mwenzio", sema, "Twaha, huyu anaweza kukuletea mchanga wa majimaji kutoka kule?" Mmoja anachota, mmoja anashindilia. Wakishajenga kitu kikaanguka mara mbili wakakiinua, utashangaa kindoo kinavyozunguka.

Lakini kile kindoo chekundu kwanza kibaki nyumbani. Anacholala nacho mtoto hakiendi uwanjani, kama wewe usivyokwenda sokoni na dhahabu ya harusi yako. Beba vya kuazimisha: makopo ya majani ya chai, vifuniko vya ndoo, chupa za maji zilizokatwa, vijiko vya zamani. Beba vingi, maana kimoja kinazaa ugomvi. Kabla hamjatoka mlangoni mwulize, "Leo unaazimisha nini?" Anachokichagua yeye ndicho kinachokwenda. Na mwenye kuazima akiondoka bila kurudisha, ninyi wawili mnamfuata pamoja, mnakiomba kwa adabu. Ukimwachia mara moja tu kipotee, utakuwa umerudi mwanzo.

Sasa bembea. Mimi nimekulia Ng'ambo, Unguja, na kwetu tunasema pembea. Lakini barua ni yako, nitafuata lako. Utotoni Idi ilikuwa ni kiwanja cha Mnazi Mmoja, nguo mpya zinawasha shingoni, senti za mkono wa Idi zimefungwa kwenye leso. Watoto ni wengi kuliko huko kwenu, mwanangu, usiniambie arobaini. Mwenye pembea alikuwa anahesabu misukumo kwa sauti kubwa, na kiwanja kizima kinahesabu naye. Hatukuwa na saa. Hata ungempa mtoto wa miaka minne saa ya mkononi, "dakika tano" kwake ni kama "Mungu akipenda". Hesabu anaiona inavyokwenda. Anajua kumi na nane imekaribia, anajiandaa kushuka moyoni mwake kabla ya miguu.

Wenzake Twaha wanaijua hiyo kanuni, walimhesabia mpaka ishirini, umeniandikia mwenyewe. Kanuni iliyovunjwa ni ile ya wiki iliyotangulia, na walioivunja ni watu wazima. Watoto wakiachiwa, uwanja una serikali yake. Kuna yule msichana mkubwa anayejua nani amefuata nani, kuna wanaoweka ndala zao mstari mmoja ili wakacheze kwingine wakisubiri zamu. Wewe wa Dar unaijua hiyo tangu foleni ya madumu bombani, dumu limekaa mahali pa mtu na mwenyewe yuko kwa jirani anasukwa, na ole wake atakayelisogeza. Mfundishe Twaha kuweka ndala yake. Kusimama kwenye nguzo robo saa ni adhabu kwa mtoto. Akiweka ndala akaenda kuserereka, kusubiri hakutamchosha sana.

Siku za mwanzo usikae kwenye kiti cha plastiki. Simama karibu na bembea, lakini usiwe hakimu. Zamu ya Twaha ikifika, mwambie kabla hajapanda, "Ishirini, kisha mwenye ndala ya bluu." Hesabuni pamoja naye. Ikifika kumi na tano punguza sauti. Ishirini, simamisha bembea, mpe mkono. Akigoma, na mara ya kwanza huenda akagoma maana bado anakudai, usimvute. Piga magoti mbele yake, sema, "Hesabu imekwisha. Unashuka mwenyewe au nikubebe?" Mpe nafasi ya kuvuta pumzi mara tano. Asiposhuka mbebe, bila maneno na bila kuangalia viti vya plastiki, na mwambie kwamba atapanda tena ndala yake ikifika. Kisha hakikisha anapanda tena. Hiyo ya pili ndiyo itakayomtibu.

Na akija mtoto mdogo analia katikati ya hesabu? Mama yake atakuangalia, macho yale nayajua. Yanakuuliza kama wewe ni mtu mwema. Umezoea kuyajibu kwa kumtoa Twaha, maana ni rahisi kumlipisha mtoto deni la aibu yako. Safari hii lijibu mwenyewe. Tabasamu, sema, "Dada, amefika kumi na moja, akifika ishirini anafuata wako, njoo tumhesabie." Mwingize kwenye kuhesabu. Mama wengi watafurahi, mtoto wake naye atanyamaza kwa kelele za hesabu. Atakayeguna, muache agune, kiingilio chenu ni kimoja.

Ila mwulize Twaha pia, kwa sikio, si kwa kipaza sauti: "Huyu mdogo analia, unataka kumpisha au unamaliza?" Akisema namaliza, amalize, na usimnunie. Siku moja atakwambia ampishe. Sijui ni mwezi ujao au ni mwakani, lakini siku hiyo itakuwa yake, na utaona anavyoshuka kifua mbele kama mwenye kiwanja.

Mumeo anasema aachwe apambane. Mwambie shangazi anamsalimu, na amwulize: akikuta mtu amekaa kiti chake cha dirishani kwenye basi la Dodoma na tiketi anayo mkononi, anapambana au anamwita kondakta? Mtu mzima ana kondakta, ana mjumbe, ana polisi. Twaha ana wewe tu. Kumsimamia zamu yake si kumdekeza. Na mkweo umheshimu, umsikilize, umchemshie chai, uendelee na hesabu zako.

Sasa nije kwa aliyenifanya niisome barua hii mara ya pili.

Umeandika mistari mingi juu ya Twaha, halafu Zuhura ukampitisha mwishoni kama mtu anayefunga mlango: hajanisumbua kamwe, hata bembea hapandi. Ana miaka minane. Umemlipia shilingi 2,000 kama mdogo wake. Kila wiki anaingia kwenye bustani ya michezo, anasukuma watoto wa watu, anasifiwa, anarudi nyumbani. Hiyo kwetu inaitwa kazi ya yaya, isipokuwa yaya analipwa.

Mkweo anakumbuka kwamba alikuwa anatoa hata kilichomo mdomoni. Hakuna aliyekumbuka kama alikuwa na njaa. Najua tunavyowalea wa kike. Wa kiume akigoma tunaandika barua kwa Shangazi, wa kike akinyamaza tunamshukuru Mungu. Mimi mwenyewe nilikuwa msukumaji hodari pale Mnazi Mmoja, na wadogo zangu wanne wanalikumbuka hilo kwa furaha kuliko mimi. Huenda Zuhura anapenda kusukuma, wapo watoto wa hivyo, na sitaki kumtilia maneno kinywani. Lakini huwezi kujua kama anapenda mpaka awe na njia ya kusema hapana. Kwa sasa hana. Amemwona mdogo wake akisema hapana, ameona yaliyompata.

Mwulize mkiwa wawili, mnachambua mchele au unamsuka, macho yenu yasikutane. Usimwulize "hupendi bembea?" maana atajibu unalotaka kusikia, huyo ndiye bingwa wa hilo. Mwulize anacheza nini shuleni wakati wa mapumziko. Kama ni rede au kuruka kamba, na anakueleza mpaka anasahau kichwa kiko mikononi mwako, basi mtoto anajua kucheza, hapo bustanini tu ndipo anapokuwa kazini. Akikwambia anawashikia wenzake masweta, niandikie tena haraka.

Swali lako la mwisho, uache kuwapeleka? Hapana. Wapeleke, na kwa wiki mbili tatu nendeni mapema kama Jumapili ile, Twaha akae na uwanja mtupu kidogo kabla ya watu. Akikuuliza tena kama mtaondoka watoto wengine wakija, mwambie, "Hatuondoki. Wakija tunawahesabia." Kisha watakapoingia, na wewe usiondoke.

Na Jumamosi hii, kabla hujafika kwenye viti vya plastiki, mpandishe Zuhura. Weka simu kwenye pochi, soda chini, simama nyuma yake umsukume wewe mwenyewe, mhesabu kwa sauti mpaka ishirini. Kuna mtoto atakuja, hakosekani, na utamwona Zuhura anaanza kuburuta miguu chini ili asimame amwachie. Mwambie anyanyue miguu, ndiyo kwanza mmefika kumi na nne.

Shangazi